Insha mbili nyuma, kozi iko Marekani: uanzie wapi

Dada wa Mwanza uliyeuliza namna ya kufidia insha mbili za kozi ya uandishi unayosoma kwa mtandao kutoka chuo cha New York: usianze na ile ya zamani. Soma kwanza kwenye silabasi kipengele cha kazi zilizochelewa. Kama haipokelewi tena, kuiandika ni kutwanga maji kwenye kinu. Maliza ya wiki hii, kisha mwandikie mwalimu mistari mitatu tu: kazi ipi, utaileta lini, unaomba nini.

Halafu saa ya mwisho ya kuwasilisha. Dakika moja kabla ya usiku wa manane kwao ni saa 1:59 asubuhi kwako. Wakisogeza saa mbele mwezi Machi, inakuwa saa 12:59. Wengi huchelewa hapo hapo, tena kazi wanayo mkononi.

Insha ya maneno 1,000 igawe siku nne: kusoma na kunukuu, mpangilio wa aya, rasimu, masahihisho. Rasimu iandike kwenye Word, usiiandike moja kwa moja kwenye kisanduku cha tovuti. Intaneti ikikatika unaweza kupoteza yote. Na yale majibu mafupi unayowaandikia wanafunzi wenzako kwenye mijadala ya kozi usiyadharau, alama huvujia humo kimyakimya.