Kompyuta ya Msikitini Isiyouliza Nywila

Nilijitolea kuweka kompyuta kuukuu katika msikiti wa mtaa wetu, hapa Wete, ili skrini iliyo ukutani ioneshe nyakati za sala. Umeme ulipokatika na kurudi, kompyuta ilijiwasha yenyewe, kwani nilikuwa nimeipangia hivyo kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, lakini ikakwama kwenye ukurasa wa kuingilia ikidai nywila ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa mimi, nami nilikuwa Unguja. Muadhini, ambaye hajapata kuhitaji kompyuta ili ajue kuwa magharibi imeingia, aliizima akaendelea na shughuli zake.

Niliporudi niliiruhusu iingie yenyewe, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu niliandika jina la akaunti yangu mwenyewe, yenye mamlaka yote ya usimamizi. Siku ya pili wanafunzi wa madrasa walikuwa wakitazama picha za harusi ya dada yangu.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa mipangilio yoyote, fungua akaunti mpya isiyo na mamlaka hayo wala faili la mtu. Yetu niliiita msikiti. Kwenye Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, yenye Xfce, yaani madirisha na menyu zinazoonekana kwenye skrini, ambako kazi ya kuwaingiza watumiaji hufanywa na LightDM, fungua kwa mamlaka ya msimamizi faili la /etc/lightdm/lightdm.conf, kisha chini ya kichwa [Seat:*] ondoa alama # kwenye mstari husika na uandike autologin-user=msikiti. Angalia vizuri, maana juu zaidi katika faili hilo hilo upo mstari unaofanana nao ambao ni maelezo tu. Mimi nilianza kuhariri huo, nikapoteza jioni nzima.

Jambo jengine ni kihifadhi nywila, ambacho kwa kawaida hufunguliwa na nywila unayoandika wakati wa kuingia. Usipoiandika, hubaki kimefungwa, na kivinjari kinaweza kukudai nywila hiyo baadaye. Wengi hukiwekea nywila tupu, na siri zilizomo hubaki bila kusimbwa, yaani anayelifikia faili lake anaweza kuzisoma: kwa akaunti ya msikitini sikuona ubaya, lakini kwenye kompyuta ya duka yenye hesabu za wateja nisingethubutu.

Mwisho nilizima ufungaji wa skrini, nikachomoa waya ukutani, nikauchomeka tena, tukakaa mkekani na muadhini tukitazama mpaka saa ya alasiri ilipojitokeza.