Kutoka unasihi wa skuli hadi kuwasimamia wanasihi: nisome nini?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha, Wete, nina uzamili wa unasihi. Nimeambiwa nijiandae kuwasimamia wanasihi wa skuli za wilaya. Nisome uzamili wa pili, wa uongozi wa elimu, au niingie uzamivu? Nimeona pia vyuo vya Marekani vinatoa Ed.S. (Education Specialist, shahada ya ubingwa wa elimu).

JIBU: Waalaykumu salaam, mwalimu. Uzamili wa pili ningeuacha. Bajeti na mipango ya wilaya utaijua kwa kozi fupi na kwa kukaa karibu na walimu wakuu wazoefu. Kumsimamia mnasihi mwenzako ni jambo jingine, hilo lina mafunzo yake.

Wengi wetu tunadhani usimamizi ni ukaguzi. Mwalimu kijana anakujia: “Mtoto alinyamaza, nikamwambia avumilie, asali.” Mkaguzi ataandika kwamba kikao kimefanyika. Msimamizi aliyefunzwa atamrudisha kwenye ule ukimya: ulidumu kiasi gani? Wewe ulihisi nini hata ukaharakisha kuukata? Mwaka 1979 Janine Bernard, mtaalamu wa Marekani wa usimamizi wa wanasihi, alieleza nafasi tatu za msimamizi: mara awe mwalimu wa mbinu, mara mnasihi anayemsaidia mwenzake aione hofu yake, mara mwenza wa kufikiri naye. Kujua ushike ipi, saa hiyo hiyo, hakupatikani kwa kusoma tu. Unahitaji mtu akusikilize ukisimamia, akusahihishe.

Kwa hiyo elekea uzamivu, na pima mtaala kabla ya jina la chuo. Viwango vya CACREP, chombo cha Marekani kinachoithibitisha mitaala ya unasihi, kwa uzamivu wa fani hii vina nguzo tano: unasihi, usimamizi, ufundishaji, utafiti, na uongozi pamoja na utetezi. Vitumie kuwa kipimo hata ukisoma hapa nyumbani. Ukikuta usimamizi umeandikwa kama somo lakini hauna mazoezi, endelea kutafuta.

Ed.S. hukaa kati ya uzamili na uzamivu. Ngazi zetu za tuzo za elimu hapa Tanzania hutoka 9 ya uzamili kwenda 10 ya uzamivu, katikati hamna kitu. Waulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wataitambuaje, na mwajiri wako akujibu kwa maandishi, kabla hujalipa hata shilingi. Inauma sana mwalimu kurudi na cheti kisichompandisha.

Wakati unatafuta nafasi, anza na rejesta za skuli yako. Angalia msimu wa karafuu, angalia watoto wanapokwenda dago, kambi za muda za wavuvi: nani alirudi darasani, nani hakurudi, nani alikuwa amekwishaonana nawe. Swali lako la utafiti wa uzamivu huenda limo humo. Chama cha wanasihi wa skuli cha Marekani, ASCA, kinapendekeza wanafunzi 250 kwa mnasihi mmoja, lakini ukienda kwa afisa elimu wa wilaya kuwaombea wanasihi wako chumba chenye mlango unaofungika, nenda na hesabu ya Wete. Majina ya watoto yabaki kabatini kwako, na ufunguo uwe nao wewe.