Barua kwa Mwanangu Kuhusu Utumbo Uliounganishwa Tena

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu na kukuombea afya, nimeupata ujumbe wako unaoniuliza kwa nini bado siji Nairobi ilhali mfuko wa choo umekwisha kuondolewa tumboni, na iwapo kuna jambo ambalo mimi na baba yako tunakuficha. Hatukufichi kitu. Operesheni ilikwenda vizuri na daktari ameridhika na mshono. Lakini kuungwa kwa utumbo ni jambo moja, na utumbo kuizoea tena kazi yake ni jambo lingine, nalo ndilo linalonishughulisha sasa.

Wakumbuka kwamba nilipokatwa sehemu ya puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, yenye saratani, madaktari waliutoa utumbo mwembamba nje kupitia tundu la tumboni, ile ileostomia uliyonisaidia kuihudumia, ili choo kisipite penye mshono mpaka upone. Muda huo wote utumbo mpana, ambao kazi yake kubwa ni kufyonza maji, ulikaa bila shughuli, na misuli inayozuia haja nayo haikuwa na cha kuzuia. Viliporudishwa kazini, choo kikawa chepesi, kikaja mara nyingi, na pengine kwa hima isiyonipa hata nafasi ya kufunga mlango. Zaidi ya hayo, puru ndiyo ghala ambamo choo husubiri, nami nimebakiwa na kipande tu, hivyo haja ambayo wewe waimaliza kwa mara moja, mimi huigawa mara tatu au nne ndani ya saa moja. Wengi hupata nafuu kubwa katika miezi ya mwanzo, ingawa utumbo waweza kuendelea kutengenea hata mwaka 1 au 2, na wapo wanaobaki na mabadiliko fulani maisha yao yote. Nayasema haya waziwazi kwa sababu wagonjwa wengi huteseka kwa kuyanyamazia, na daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Kwa sasa nala kidogo kidogo na kutafuna sana: wali mweupe, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha, samaki asiye na pilipili. Mbaazi za nazi na achari nimeziweka kando, nami nitazirudisha moja moja ili nijue ipi inanidhuru. Shangazi yako huhisi kwamba nakataa mapishi yake, na sipendi kumvunja moyo, lakini pilipili ikipita penye ngozi iliyochubuka ni adhabu. Ngozi hiyo ndiyo iliyonitesa kuliko kidonda chenyewe. Kila nikitoka chooni hujisafisha kwa maji ya vuguvugu, hujikausha kwa kitambaa laini bila kusugua, kisha hupaka malhamu ya zinki. Na tangu daktari aniandikie loperamidi, dawa ya kupunguza kuharisha, ya kumeza kabla ya chakula, usiku nalala. Pia nafanya zoezi la kukaza misuli kama mtu anayezuia upepo, kuishikilia kidogo, kisha kuiachia, mara kadhaa kwa siku.

Saumu sitafunga mpaka daktari aniruhusu, kwa kuwa anayeharisha hupoteza maji na chumvi upesi, na mgonjwa ameruhusiwa kulipa baadaye. Vitu vizito siinui kwa wiki 6 hivi, maana pale palipokuwa na tundu paweza kutokea ngiri.

Baba yako anazijua dalili za hatari, nawe zishike: tumbo kujaa na kutapika bila kupata choo wala kutoa upepo, homa, maumivu makali yanayozidi, damu nyingi, au kidonda kutoa usaha. Akikupigia simu na kutaja mojawapo, usimwambie asubiri asubuhi. Mwambie anipeleke hospitali wakati uleule.

Ama safari, nitakuja daktari akiniruhusu. Sitapanda basi, kwa kuwa mabasi mengi hayana choo. Nitapanda treni ya Madaraka Express pale Miritini, yenye choo ndani. Nikatie tikiti ya kiti kilicho karibu na choo, na siku nitakayofika usiwaalike wageni.

Mamako akupendaye