Maswali ya Usukani: Kitambi, Muguka na Mbaazi za Safari

Barua za madereva zimejaa tena wiki hii, na nyingi zinauliza kilekile. Nimechukua hizi tano.

Nabeba chumvi kutoka Gongoni hadi Malaba. Kitambi kimeanza kugusa usukani. Nifanye zoezi gani la tumbo? (Dereva, Gongoni)

Zoezi la kukata tumbo peke yake halipo. Jikunje mpaka mgongo ulie, mafuta yatatoka yanapotaka yenyewe. Niambie kwanza kuna nini hapo karibu na gia. Mimi yangu ilikuwa soda ya nusu lita, imeshapata moto, na mwenzake yuko chini ya kiti anangoja zamu. Chupa hiyo moja ina sukari gramu 50 na zaidi, yaani vijiko vya chai kama 12. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite gramu 50 hivi kwa siku nzima, na akiweza abaki kwenye 25. Wewe hesabu yako imeisha kabla ya mizani ya Mariakani, na Voi bado unaisubiri chai ya maziwa yenye vijiko vitatu. Anza na hiyo chupa. Badala yake weka jerikeni la maji.

Halafu tembea. Foleni ikisimama, shuka. Trela ya mita 17 ukiizunguka mara moja umepiga karibu mita 40, kwa hiyo mizunguko 25 ni kilomita. Utingo atakucheka, mwache acheke.

Ati muguka, haya majani ya jamii ya miraa tunayotafuna kufukuza usingizi, unapunguza uzito? Rafiki yangu amekonda kweli. (Msomaji, Maweni)

Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Rafiki yako hali wala halali, ndiyo maana amekonda. Tena muguka hautafunwi mkavu: kuna bazuka (chingamu), kuna njugu, na soda ileile ya kuteremshia. Dawa ya usingizi ni kulala. Sheria ya trafiki ya Kenya inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Tajiri mwenye lori anayepiga simu saa tisa usiku kuuliza "bado hujafika?" anaijua vizuri. Siku lori likilala mtaroni ndipo atakaposema hakukutuma ukimbie.

Nimfungie mume wangu chakula gani kisiharibike njiani? (Mama Watoto, Shela, Malindi)

Ahsante dada, hili ndilo swali. Mbaazi za nazi azile asubuhi hiyohiyo, maana tui halina subira na joto la kebini. Wali wa nazi ni vivyo hivyo. Mahamri yanakaa, lakini mfungie mawili, si sita. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai yasiyomenywa ya kula siku ya kwanza, ndizi, machungwa, na korosho zisizo na chumvi: hivyo vinafika mbali. Samaki mkaange akauke, amle mchana wa kwanza. Njiani aagize ugali na maharagwe, mboga iwe nusu ya sahani, na asiibebe nyama choma kwa kilo kama mtu wa harusi. Kama ana meko, apikie nje, mbali na lori. Kupikia ndani ya kebini ni kualika moto na moshi mbaya, na lori likiwa limepakia petroli asiwashe kabisa.

Miguu yangu inavimba kila nikifika Mtito Andei. Nikandwe? (Dereva, Malindi)

Ikivimba yote miwili, jioni, na asubuhi imeshuka, mara nyingi ni kukaa sana. Shuka kila baada ya saa mbili, simama kwa vidole vya miguu mara 20, na ukilala inua miguu juu ya mto. Isiposhuka, kapimwe. Lakini ukivimba mmoja, unauma na una joto, usimpe mkandaji! Huenda damu imeganda ndani, na bonge likisafiri mpaka kwenye pafu linaua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, mzigo utangoja.

Vidonge vya presha navimeza nikisikia kichwa kinauma tu. Ni sawa? (Dereva, Marereni)

Si sawa. Presha haisikiki, inapimwa. Vimeze kila siku kama daktari alivyokuandikia, na ukitaka kuviacha, mwambie yeye kwanza. Na chumvi, hata kama ndiyo mzigo wako, ibaki nyuma kwenye trela.