Sarafu ndogo za Roma: acha kukodolea sura, anza kusoma chini

Wiki iliyopita kuna dada kanitumia meseji na picha ya kisarafu cha shaba, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, anasema muuzaji kamwambia hiyo haisomeki, bora aitupe tu. Nimekasirika kweli, manake na mimi nilishaambiwa hivyo hivyo. Nilipoanza kukusanya huku Uingereza nilipeleka zangu kwenye mkutano wa wakusanyaji, mzee mmoja anayeheshimika sana akazisukuma pembeni kwa kidole, mbele ya watu, akasema watu makini hawapotezi muda na hizi. Mpaka leo inaniuma, sifichi.

Basi ya dada tumeisoma, tena vizuri.

Wengi wanaanza na sura ya mfalme, na sura haisaidii. Constantine, mfalme wa Roma, na wanawe walichongwa karibu sawa, na majina ndo balaa: Constantinus, Constantius, Constans, ukiona CONSTAN peke yake bado hujapata kitu. Geuza nyuma kwanza. Ya dada ina askari wawili na katikati yao bendera mbili za jeshi, hapo hata maneno yakiwa yamefutika nusu unajua ni GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi. Bendera mbili ni kati ya mwaka 330 na 335 hivi baada ya Kristo, baadaye sarafu ikapunguzwa uzito ikabaki bendera moja. Halafu shuka chini ya ule mstari waliosimama askari, mji ilikotengenezwa uko hapo: SIS ni Siscia, Kroatia ya leo, TES ni Thessaloniki, SMAN ni Antiokia, yaani Antakya ya Uturuki. Yake ni SMAN, na herufi ya Kigiriki mwishoni inayotaja karakana.

Ndo tukarudi mbele, tukapata STANTIVS NOB C. Hiyo NOB C ni cheo cha Kaisari, mrithi, angekuwa mtawala kamili ungeona AVG. Kwa hiyo ni Constantius wa Pili kabla ya 337, baba yake bado yuko hai. Yote hayo kwenye kitu cha kutupwa!

Jamani tuwe na subira. Taa iweke ubavuni, zungusha sarafu taratibu, usisugue, na limau au siki usiguse kabisa, inakula lile gamba la juu na herufi zimo humo humo. Na usimruhusu mtu wa sarafu za dhahabu akupangie cha kupenda, hizi shaba ndizo watu wa kawaida walinunulia mkate. Anza chini, nasema tena, chini.

Dada kashaleta nyingine: mbwamwitu jike ananyonyesha watoto wawili, VRBS ROMA, hiyo jina la mfalme haina kabisa. Chini imeandikwa TRS. TR ni Trier, Ujerumani ya leo, S ni karakana ya pili, na safari hii kaisoma mwenyewe.