Ukitaka Nishani za Rubani, Anza na Ukingo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tabata aliniandikia. Ameona mtandaoni nishani ya DSO, ile wanayopewa maofisa wa Uingereza, inayouzwa kama "ya rubani aliyeizamisha Königsberg", meli ya kivita ya Wajerumani; muuzaji yuko Uingereza, na yeye na wenzake wawili wanachanga fedha wainunue. Swali lake lilikuwa moja: bei hiyo ni ya haki?

Mdogo wangu, achana na bei kwanza. Hakuna rubani aliyeizamisha Königsberg. Tarehe 11 Julai 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, meli ile ilipigwa na mizinga ya Severn na Mersey, meli za Waingereza, ndani ya delta ya Rufiji, kisha Wajerumani wenyewe wakaimalizia kwa kuilipua. Kazi ya John Cull na mwenzake Harwood Arnold, waliokuwa wakiruka kutoka Mafia, ilikuwa kuwaelekeza wapigaji kutoka juu. Injini yao ilipopigwa, Arnold aliendelea kutuma ishara za redio huku ndege ikishuka, mpaka wakaangukia mtoni. Wote wawili walipewa DSO kwa siku ile. Tatizo ni kwamba DSO za wakati huo serikali haikuziandika majina. Ukiona moja imelala peke yake kwenye sahani, bila karatasi wala medali nyingine za mtu huyohuyo, hiyo inaweza kuwa ya ofisa yeyote, hata wa kikosi cha wapanda farasi aliyepigana Ufaransa.

Nina haki ya kusema hivi, maana mwezi huu nimemaliza kazi ya kukutanisha medali za mwanaanga mmoja, kazi ambayo wenye uzoefu kuliko mimi waliniambia niiache.

Bibi yangu mzaa mama ni wa Taveta. Kwa hiyo tangu nianze mambo haya nilimtaka mtu wa Skwadroni ya 26, kikosi cha ndege kilichoshuka Mombasa mwishoni mwa Januari 1916 na kupiga kambi Mbuyuni, kwenye njia ya Voi kwenda Taveta, wakati Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, anajiandaa kumfukuza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Ndege zao nyingi zilikuwa BE2c, mbao na turubai, na malaria iliwalaza wengi. Nilichokipata kwanza ni medali mbili, ya Vita ya fedha na ya Ushindi ya shaba, za luteni mmoja. Jina lake nalihifadhi, familia yake bado ipo. Ukingoni palikuwa na cheo, jina, halafu R.A.F., yaani jeshi la anga la Uingereza. Basi. Muuzaji aliziona za kawaida tu.

Mimi nikaenda Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza. Mafaili ya maofisa wa anga yako kwenye mfululizo wa AIR 76, na mengi unaweza kuyapakua ukiwa Tabata hapohapo. Karatasi ya luteni wangu ilisema wazi: Skwadroni ya 26. Kadi yake ya medali kwenye WO 372 ikaongeza kwamba aliingia vitani 1915, tena akiwa askari wa miguu. Maana yake alistahili medali ya tatu, Nyota ya 1914-15, na nyota hiyo haikuwepo.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Nyota huandikwa mgongoni kikosi alichokuwamo mtu alipoingia vitani mara ya kwanza. Zile mbili nyingine, kwa aliyemalizia vita kwenye jeshi la anga lililoundwa tarehe 1 Aprili 1918, zinasema R.A.F. Kwa hiyo mtu mmoja anakuwa na nyota ya askari wa miguu na medali za mwanaanga, na zikitengana hakuna anayejua kuwa ni ndugu. Na zimetengana sana, maana bei ya fedha ilipopaa mwaka 1979 na 1980 watu waliziyeyusha za fedha na kuuza zilizobaki mojamoja.

Basi nikaacha kabisa kutazama meza za urubani. Nikawa napekua masanduku ya nyota za askari wa miguu, zile za bei ya chini zisizojaliwa na mtu. Kwenye mnada mmoja, mzee mwenye meza aliniuliza natafuta nini. Nikamweleza. Akacheka, akasema, "Watu wenu walikuwa wabeba mizigo. Urubani unakuhusu nini?"

Sikumjibu, na bado linaniuma. Jeshi lile lilipoingia ndani kuelekea Morogoro na Rufiji, kila kitu kilikwenda vichwani mwa watu, na wengi wao hawakupewa hata kipande cha shaba. Kama kuna watu ambao vita ile inawahusu, ni sisi. Nilipekua sanduku lake mpaka chini. Nikaigeuza nyota moja chini ya taa: mgongo mtupu, mistari mitatu ya herufi zilizogongwa, cheo cha luteni wa pili, jina lake, regimenti yake. Herufi ya mwisho ya jina imeegemea kidogo kama imechoka. Nikailipia bila kupunguziwa na sikumwambia kitu. Sasa zote tatu ziko kwenye ubao mmoja, ya Ushindi yenye utepe wa upinde wa mvua mwishoni, na sijawahi kununua kitu kilichonipa raha kama ile.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukingo. Omba picha ya ukingo mzima, si upande wa sura ya mfalme. Pima kwa vernia: medali ya Vita ina kipenyo cha milimita 36, na iliyokwanguliwa jina ili kuandikwa jingine huwa imepungua sehemu moja. Soma ukingo, kisha soma karatasi, kisha rudi kwenye ukingo.

Kuhusu mabawa ya kitambaa, yaani beji za kifuani za marubani, ya RFC, jeshi la anga la kabla ya R.A.F., yana herufi hizo ndani ya shada na taji juu, na ya kughushi ni mengi kuliko ya kweli. Chukua ile tochi ya buluu ya kukagulia noti bandia, umulike uzi mweupe. Uking'aa sana, shuku, ingawa hata bawa halali lililofuliwa kwa sabuni za siku hizi hung'aa. Na mtu akikuuzia beji ya Skwadroni ya 26 yenye kichwa cha swala akasema ilivaliwa Mbuyuni, mwambie beji rasmi za skwadroni zilianza kusanifiwa 1936.

Vijana wetu wana haraka. Wanataka kitu cha kupiga picha na kurusha, hawataki kukaa na karatasi. Anayetaka sifa ya Rufiji bila kusoma atauziwa shaba ya mtu asiyemjua, na atastahili.

Wewe wa Tabata, mwandikie muuzaji leo. Mwambie alete medali nyingine za mtu huyo zenye jina, pamoja na tangazo la DSO hiyo kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, ambalo hata wewe unaweza kulitafuta bure. Akikwambia "familia ilipoteza", fedha zenu zigawaneni.