Kwa mwalimu mgeni wa jiografia Mombasa: anza na maji

Mwalimu mwenzangu, ukipewa gredi ya saba hapa Mombasa utakuta kitabu kimekata somo vipande viwili: ardhi na hali ya anga upande mmoja, watu na kazi zao upande wa pili. Usikubali mkato huo. Katika mji huu ukieleza bahari vizuri, watu watajitokeza wenyewe.

Kontua, yaani mistari ya ramani inayounganisha mahali penye kimo sawa, ndizo zitakazokusumbua kwanza. Kisiwa hiki ni tambarare, na wapo watoto wa Majengo ambao hawajawahi kupanda mlima. Achana na duara za ubaoni. Chukua karai, finyanga udongo, acha kilima katikati na uchimbe bonde kila upande wake. Mimina maji kina cha kidole, mtoto achore ukingo wa maji kwa msumari, ongeza kidole kingine, achore tena. Mwaga maji, waite waangalie kutoka juu. Mistari hiyo ndiyo kontua. Penye msongamano ndipo penye mteremko mkali, na hutahitaji kulirudia hilo.

Usilitupe karai. Jaza tena hadi mabonde yazame, uwaulize wanaona nini. Watataja Mombasa kabla hujawafikisha huko: hori ya Tudor huku, ya Kilindini kule. Hapo waeleze kwamba enzi za barafu bahari ilikuwa chini ya hii ya leo kwa mita 120 hivi. Mito ilichimba mabonde, barafu ikayeyuka, bahari ikapanda ikayameza. Matumbawe nayo hayapendi maji yasiyo na chumvi wala tope la mito, ndiyo maana mwamba una mlango pale meli zinapopita. Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwenye winchi za bandari, reli iliyoanza kujengwa hapa 1896, na makontena ya Uganda na Rwanda. Waulize pia kwa nini majahazi yalibaki Bandari ya Kale huku meli kubwa zikihamia Kilindini. Kipindi kizima kitaishia hapo, na kiishie.

Kupwa na kujaa, waachie wao waseme. Mtoto wa mvuvi anajua bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwamba kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Anayevuka feri ya Likoni anajua siku ambazo mteremko wa kushukia huwa mkali. Waandike saa na hali ya maji kwa wiki mbili. Somo hufundishwa kwa Kiingereza, sawa, lakini mjadala huu uache uende kwa Kiswahili, istilahi zitakuja baadaye. Pepo za kaskazi na kusi hazitakuchukua muda, wanazijua.

Maji ya kunywa yasikupite. Mvua hunyesha vilima vya Chyulu, ikapenya kwenye miamba ya volkano, ikatokeza chemchemi za Mzima ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, kisha bomba likaileta huku. Halafu uliza darasani ni nani kwao wananunua mitungi ya mkokoteni. Mikono itakuwa mingi, na swali la kwa nini litakuwa lao.

Penye uhamiaji nenda polepole. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, na wengi wana asili ya kwingine. Ila pwani maneno ya ardhi na nani ni mgeni yana uchungu, na mtoto huyabeba kutoka nyumbani. Usimsimamishe mtu aeleze kabila lake au babu yake alitoka wapi. Tumia kazi badala yake: bandari, hoteli, soko la Kongowea, na nini kilimvuta mtu kuifuata.

Ziara ya kwanza iwe ufukwe wa Mama Ngina, siku ya bamvua, asubuhi maji yakiwa yamepwa, ili waone mwamba wa matumbawe ulivyoliwa na mawimbi kwa chini. Uliza wavuvi saa kamili siku moja kabla, na viatu viwe vya kufunga, si ndara.